Ndoano Ndani ya Kofia

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na huo ndio mwaka shida iliponianza. Vita vilifika kijijini kwetu asubuhi, watu wakiwa shambani. Baba yangu hakurudi. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la tatu, na darasa la nne sijaliona mpaka leo. Haya maandishi nimejifundisha mwenyewe, kwa Kiswahili nilichookota Kenya. Anayetaka kucheka herufi zangu acheke, kisha anionyeshe nyumba aliyojenga yeye.

Nilitoka kwa miguu, nikapanda malori ya chumvi na ya mbuzi, nikafika viungani mwa Nairobi nikiwa na shati moja. Huko kulikuwa na karakana ya mama mmoja mzungu, na kazi ya karakana ile, hata leo nikiieleza hapa Juba, watu wanadhani natunga. Tulikuwa tunatengeneza nzi. Si nzi wa kweli. Unachukua ndoano ndogo, unaibana kwenye jiliwa, unaifunga manyoya ya shingo ya jogoo, nywele za mkia wa kindi na uzi wa fedha, mpaka ifanane na mdudu au kisamaki. Wazungu wanaifunga mwishoni mwa mshipi, wanairusha mtoni, samaki anadanganyika. Tulikuwa wanawake ishirini na kitu na wanaume watatu, mezani, tumeinama kutoka asubuhi hadi jioni. Nilikaa pale miaka sita.

Mimi walinipa nzi za trauti wa baharini. Huyo ni samaki anayezaliwa mtoni, anakwenda baharini kunenepa, halafu anarudi mto uleule. Ukutani palikuwa na picha yake, wa rangi ya bati jipya, amebebwa na mzungu aliyevaa suruali ya mpira hadi kifuani. Nzi yake ilikuwa nyeusi, mbavu za fedha, na manyoya ya buluu kooni. Niliifunga hiyo mpaka nikaweza kuifunga nimefumba macho. Msimamizi alikuwa akichukua zangu kuwaonyesha wengine. Kati ya watu wote wa meza ile, hakuna aliyewahi kumwona huyo samaki, wala kushika ule ufito wa kuvulia. Tuliwalisha miaka yote samaki wasiotujua.

Sasa sikia lililonitoa pale. Nzi iliyofungwa vibaya ilitupwa kwenye mkebe, na jioni mkebe ulichomwa moto, ili mtu asije akaziuza nje. Mwaka wangu wa sita pale nilikuwa nimeshaoa, binti yangu alikuwa na miaka miwili, na tumbo lake lilikuwa limevimba kwa kula ugali mtupu. Nikachukua nzi moja kwenye mkebe, kichwa chake kimepinda, nikaichomeka ndani ya kofia yangu. Jumapili nikaenda bwawa la shamba la kahawa na mwanzi na uzi. Nilipata ngege wawili, wanene. Mama yake akawachemsha. Jumapili nne tulikula samaki, na tumbo la mtoto likaanza kurudi.

Jumatatu ya wiki ya tano nilisahau kuitoa. Askari wa lango alipopapasa kofia ndoano ikamchoma kidole. Yule mama akaniketisha uani, juani, kofia juu ya magoti yangu, hadi saa sita, ili kila anayekwenda msalani anione. Kisha akaniambia mbele ya wanawake wote, "Wewe nilikuokota barabarani, na bado unaniibia." Nikasema ilikuwa ya kuchomwa. Akasema, "Ya kuchomwa pia ni yangu." Mwanamke mmoja alicheka. Sauti yake ninayo.

Sikumwambia mtu nilifukuzwa kwa nini. Mke wangu nilimwambia kazi imeisha. Alifariki akiamini hivyo.

Vidole havikufukuzwa lakini. Nilishona viatu, nikashona hema, nikajifunza kushona viti vya magari. Amani ilipokuja nilirudi Juba, nikaanza chini ya karatasi la nailoni pale Hai Mauna na cherehani moja ya mkono. Leo hii ukiona gari la mkubwa limevikwa viti vya ngozi vilivyonyooka mshono, uliza nani ameshona. Nimesema hivyo ili ieleweke kwamba sikuwa maskini anayeota Ulaya. Nilikuwa na changu.

Binti yangu, yule wa tumbo, sasa anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Jioni moja alikuja akasema, "Baba, kuna mgeni wetu, kawaja, amechomeka kidudu cha manyoya kwenye kofia. Nyeusi na fedha. Kama zile ulizokuwa ukinisimulia." Kawaja ndivyo tunavyowaita wazungu hapa. Kesho yake nilivaa koti nikaenda. Ilikuwa yenyewe, buluu kooni na yote. Ameibandika ubavuni mwa kofia kama mtu anavyovaa ua, anatembea nayo, anakula nayo, na hakuna aliyemketisha juani.

Nilimwambia kupitia kwa binti kwamba niliwahi kuzifunga. Hakuamini. Nikamwomba anitolee, nikaigeuza, nikamwonyesha uzi ulipoanzia na ulipomalizikia. Akaamini. Alifurahi huyo mtu mpaka akanipa ufito wake wa akiba, na namba ya mwongoza wavuvi huko kwao, nchi moja ya kaskazini ya Ulaya. Jina la nchi siliandiki, wasije wakasema nawasema. Akasema mtu kama mimi lazima aende, wiki moja, na mwongozaji wake, na nyumba ya mbao kando ya mto.

Nikaamua. Na nilijua ninachotaka, sikutaka kingine. Nilitaka kusimama kwenye mto ule kama mteja, si kama mtu aliyeokotwa, na nzi iliyofungwa na mkono wangu iwe kinywani mwa yule samaki wa ukutani. Mara moja tu. Ningerudi nyumbani nikanyamaza.

Jiliwa nilijichongea mwenyewe kwa chuma cha springi ya gari. Manyoya nilinyonyoa shingoni mwa jogoo wangu mwekundu, nikayatia wino mengine yakawa meusi, mengine buluu. Uzi wa fedha niliuchomoa kwenye kitambaa cha harusi. Nilidhani vidole vimezeeka. Havikuzeeka. Nzi ya tatu ilikuwa safi kuliko ya yule kawaja.

Kurusha ndiko sikukujua. Nilikwenda ukingoni mwa mto, chini ya soko la Konyo Konyo, mahali akina mama wanapopara samaki. Ufito ule hautupwi kama mshipi wa kwetu, unaupeleka nyuma na mbele, mshipi mzito ukizunguka hewani, kisha unauachia. Mimi nilikuwa napiga maji tu. Mama mmoja mwenye kisu, aliyekimbilia Uganda zamani na kurudi na Kiswahili cha huko, akaniuliza, "Mzee, maji nakosea wewe nini? Iko nachapa yeye tangu asubuhi."

Mwenzake akasema, "Acha yeye. Naua mbu."

"Nafanya mazoezi," nikasema.

"Ya kushika samaki? Na samaki iko wapi?"

"Ulaya."

Walicheka mpaka visu vikawekwa chini. "Samaki ya hapa nafanya nini mbaya?" akauliza yule wa kwanza. "Basi ukishika ya huko, leta sisi kichwa, tuone kama iko na miwani."

"Nitawaletea," nikasema, na nilimaanisha. Polisi naye alikuja kuuliza kama ule ufito ni antena. Wiki tatu nilivumilia hayo, na mwisho wake mshipi ulianza kunyooka.

Barua za mwongozaji zilikuja kwenye simu ya binti, naye alinisomea barazani kwetu Gurei, Jumapili baada ya kanisa. Ya kwanza ilikuwa fomu. "Baba, wanauliza una uzoefu wa miaka mingapi."

"Andika sita."

"Wanauliza kuvua, siyo kufunga."

"Andika hakuna."

"Hapa wameweka neno mwanafunzi. Niandike hilo?"

"Nimesema andika hakuna." Mwanafunzi. Mtu ambaye yeye na baba yake huenda wamevua kwa kazi yangu anataka niandikwe mwanafunzi.

Barua ya pili ilisema trauti wote wanarudishwa majini. Unamshika, unampiga picha, unamwachilia. Nilimwambia binti aisome tena, akaisoma. Nikasema, "Kwa hiyo nasafiri siku mbili, napanda ndege tatu, namshika samaki, halafu namwomba radhi?"

"Ndiyo sheria yao, Baba. Wamebaki wachache."

"Watu wenye njaa wao wamebaki wachache pia?"

Akajua nimekasirika. Mtu aliyewahi kuhesabu miba ya ngege mmoja akigawia watatu haelewi mchezo kama huo. Nikafikiria kichwa nilichowaahidi wale akina mama. Hata hivyo, siku mbili baadaye, nilisema sawa. Nitamwachilia. Sikuwa naenda kula. Nikampa binti ruhusa atume arabuni ya kushika nafasi, na visa tuliipata, jambo ambalo watu wote waliapa halitawezekana. Nilishona mfuko wa ngozi wa kuwekea nzi zangu. Nilikuwa tayari mtu wa kwenda.

Barua ya tatu ilikuja wiki mbili kabla ya safari. Binti alikuwa amewaandikia, kwa heshima tu, kwamba baba yake atakuja na nzi alizofunga mwenyewe. Wakajibu kwamba haiwezekani. Manyoya ya kuku wa kufugwa nyumbani, kutoka nchi kama yetu, hayaingii kwao bila cheti cha daktari wa mifugo chenye muhuri na maabara nyuma yake, kwa ajili ya magonjwa ya ndege. Lakini mzee asiwe na wasiwasi, waliandika. Mwongozaji ana sanduku zima la nzi nzuri, bei imeshaingia humo, na zimetengenezwa Kenya.

Nikamwambia, "Soma hapo mwisho."

"Zimetengenezwa Kenya."

Nilicheka. Jogoo alikuwa anapita uani, shingo tupu. Nilizungushwa ofisi za mifugo siku nne kutafuta hicho cheti. Mmoja aliniuliza kuku wangapi wanasafiri. Nilipomwambia ni manyoya, tena kidogo, ya kumdanganyia samaki, aliita wenzake waje wasikie. Maabara hakuna. Khalas, yamekwisha.

Jioni ya siku ya nne binti alikuja akanikuta nimekaa na ule mfuko. Akakaa karibu, akasema kwa upole, na najua alisema kwa mapenzi, "Baba, hivi ni vitu vidogo. Chukua moja tu. Ichomeke ndani ya kofia. Nani atapapasa kofia ya mzee?"

Nilisimama. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alirudi nyuma. Nikasema, "Siendi."

"Baba, arabuni hairudi."

"Isirudi."

"Kwa sababu ya ndoano moja?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya ndoano moja."

Alilia, akaniita mkaidi, akasema ameomba likizo, amepiga simu usiku na mchana, ameaibika kwa wazungu kwa ajili ya kiburi changu. Yote kweli. Ningeweza kumweleza. Lakini ningemwambiaje kwamba yeye ndiye aliyekula wale ngege? Angebeba jambo lisilo lake. Sikumweleza, na wiki nzima alinisalimia kama anasalimia mgeni wa hoteli.

Yule mama wa Konyo Konyo aliponiona aliuliza, "Mzee, kichwa iko wapi?" Nikamwambia samaki wa huko hawana vichwa. Hakucheka. Alinifungia kipande cha sangara kwenye gazeti, nikachukua.

Naandika haya ili binti asome nikishaondoka duniani, ajue haikuwa kiburi. Au ilikuwa kiburi, lakini ajue cha wapi.

Nilicho nacho leo ni hiki. Kiwanja Gurei, chenye hati. Nyumba ya matofali ya vyumba vitano, na kisima. Karakana Hai Mauna yenye cherehani nne za ngozi na mafundi sita, wote nimewafundisha mimi. Pikapu moja. Pasipoti yenye visa ambayo muda wake umepita. Ufito mmoja wa kuvulia. Jiliwa moja. Nzi ishirini na tisa za trauti wa baharini, ndani ya mfuko wa ngozi, hazijawahi kulowa. Kofia tatu. Kuku kumi na mmoja, na jogoo mwekundu, ambaye shingo yake imeanza kuota manyoya.