Mkorogo wa Baridi, Mkorogo wa Joto

Aliyeniharibu uso ni mama wa duka la vipodozi Kariakoo. Wa pili ni wifi yangu aliyenipeleka kwake, na wa tatu ni mimi.

Kipupwe kile uso wangu ulikuwa mkavu, unapauka. Yule mama akanikorogea mafuta kwenye kikopo, akasema, "Huu mkorogo wa baridi, shoga. Joto likianza uje nikupe mwepesi."

Nilitakata kweli. Joto lilipoanza nikarudi na wifi. Alichukua kikopo kilekile cha baridi, akabandua karatasi iliyoandikwa "Baridi" na kubandika ya "Joto", mbele ya macho yangu. Nikauliza, mbona ni uleule? Wifi akanicheka: "Hebu mfundishe kazi basi, daktari." Nikaona aibu, nikabeba.

Nauza mitumba juani. Siku ya tatu uso uliwaka moto, nikamfuata yule mama dukani. "Ukiwasha ujue umekolea," akasema. Nikaamini, nikaongeza. Mashavu yakachubuka, yakaacha mabaka meusi.

Siku hizi kipupwe napaka mafuta ya mgando, joto likija naosha uso kwa maji tu na kujitanda kanga. Mabaka hayatoki.

Juzi nilipita dukani kwake akaniita kama mgeni: "Karibu mama, dawa ya mabaka ninayo."

Ndani walikuwemo wasichana wawili. Nikawaambia, huyu ndiye aliyenifanya hivi. Mmoja akatoka. Mwenzake akanitazama usoni, kisha akaendelea kuchagua.