Maji Anayotumia Lukresia

Lukresia Maganga anauza uji hapa Bariadi, karibu na soko, mwaka wa tisa sasa. Kibanda chake ni mabati sita, meza mbili na benchi moja linaloyumba. Mimi natengeneza baiskeli ubavuni mwa kibanda hicho, kwa hiyo ninayoandika niliyaona au niliyasikia kwa masikio yangu.

Alizaliwa Kasoli, kwenye pamba, akaishia darasa la nne. Kabla ya uji alipika jikoni kwa masista miaka kumi na moja, na huko ndiko alikopata ugonjwa wa kuchemsha maji. Nauita ugonjwa kwa sababu sisi majirani tulikuwa tukimcheka nao. Maji yakianza kuchemka, hayaipui. Anasali Salamu Maria kumi kwanza, polepole, huku mfuniko ukirukaruka. Ndipo anaipua sufuria, anachuja kwa kitambaa cheupe na kuacha yapoe.

"Mayu, wewe hata mvua utaichemsha," walimtania wapakiaji wa magunia, maana kwetu mama ni mayu.

"Ikipitia bomba la hapa, nitaichemsha," alijibu.

Bomba lenyewe liko hatua ishirini kutoka kwenye meza zake. Paipu yake inapita ndani ya mtaro unaobeba uchafu wa gesti mbili na mabafu yake. Ilipasuka mwaka juzi. Akaja fundi, akaniomba mpira mkuukuu wa baiskeli, akaifunga nao, akaandika kwenye daftari kwamba kazi imekamilika. Mpira ulikuwa na viraka vinne. Maji yakikatika, paipu inavuta chochote kilicho mtaroni, na yakirudi yanatoka na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya yai viza. Wakubwa wanasema ni kutu. Kutu ya aina hiyo mimi sijaiona, na nimeshika vyuma maisha yangu yote.

Mvua za Machi zilipojaza mtaro, wapakiaji watatu waliharisha mpaka wakapelekwa zahanati kwa toroli. Walipoulizwa walikula wapi, wakasema kwa Lukresia. Hawakudanganya. Ila hawakusema kwamba kabla ya uji waliinama bombani wakanywa kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, kama ng'ombe lamboni. Niliwaona.

Kesho yake akaja bwana afya, Mayige, na kufuli mkononi. Mayige ni mzaliwa wa kijiji cha Mkula, mama yake anachunga mbuzi mpaka leo, lakini tangu avae kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, Kisukuma kimemtoka kama jasho.

"Mwangaluka, bhabha," Lukresia alimwamkia, akikunja goti kidogo.

"Habari," alijibu Mayige, macho kwenye simu. "Mama, toa vyombo vyako. Kibanda kinafungwa kwa sababu za kiafya."

"Afya ya nani? Uji wangu unachemka. Nenda ukaangalie bomba."

"Bomba lina dawa. Maji ya bomba yanawekwa dawa. Ya kwako yana nini?"

"Yana moto."

Watu wakacheka. Mayige hakucheka. Alisubiri Lukresia atoe sufuria, vikombe na kile kitambaa, akabana kufuli, kisha akatoa hukumu yake kwa sauti ya kusikika sokoni kote.

"Kesho asubuhi uniletee ofisini maji unayotumia, lita moja, kwenye chupa safi. Yataenda maabara. Yakiwa machafu, kosa ni la bomba. Yakiwa safi, basi uchafu ni wa mikono yako, na kibanda hiki hutakifungua tena."

Kwa nini hakuchota mwenyewe? Alisema pikipiki ya ofisi haina mafuta. Kutoka ofisini kwake hadi bombani ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Jioni ile Lukresia alikaa kwenye boksi langu la spana. Shamba la Kasoli kaka zake waligawana baba yao alipofariki, yeye wakamwachia jembe. "Nikikosa kibanda," alisema, "narudi kuwalimia kaka zangu, na wake zao ndio watanipakulia chakula."

Chupa aliipeleka. Siku tisa zikapita bila uji. Siku ya kumi tukakuta karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na bomba, ina muhuri wa buluu. Lukresia akaniita nimsomee.

Nikasoma: sampuli kutoka bomba la soko imepimwa, haina vimelea, maji yanafaa kwa matumizi ya binadamu, wananchi wapuuze uvumi.

"Sampuli ndiyo nini?"

"Maji waliyochukua kupima."

"Nani alikuja kuchukua?"

"Hajaja mtu. Nakaa hapa kutwa."

"Basi ni chupa yangu."

"Si ulichota hapo bombani?"

"Nilichota. Nikachemsha, nikachuja, nikapooza kidogo, nikapeleka."

Spana ilinidondoka. Nikamuuliza, kwa hasira nadhani, kwa nini alichemsha maji ya kwenda kupimwa.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Alisema maji ninayotumia. Mabichi mimi situmii. Halafu wewe ungewapelekea wageni maji mabichi? Kama wangeyanywa?"

Nilidhani atalia, maana kwa maneno ya Mayige mwenyewe kibanda kilikuwa kimekwisha. Hakulia. Alisimama mbele ya nguzo muda mrefu, midomo ikichezacheza, sijui alikuwa anasali au anapiga hesabu. Kisha akaibandua ile karatasi taratibu isichanike, akaikunja, akaniambia nimfuate, wasije wakamtolea karatasi nyingine asiyoweza kuisoma. Nilimfuata. Ofisini niliishia mlangoni.

"Nani amekuruhusu kubandua tangazo?" Mayige aliuliza.

"Mwadila, bhabha," Lukresia alimsalimu kwanza. "Nina swali moja tu. Maji ya kwenye karatasi hii ni ya wapi?"

"Imeandikwa. Bomba la soko."

"Nani aliyachota?"

"Mama, sampuli ilichukuliwa kwa kufuata utaratibu."

Pale ndani kulikuwa na karani, msichana anaitwa Joyness, anachapa kitu. Bila kuinua kichwa akasema, "Si huyu mama ndiye aliyeleta, bosi? Ile chupa ya soda. Ilikuwa bado ya vuguvugu."

Mayige alimtazama kwa jicho ambalo lingechemsha lita tano.

"Ilikuwa ya vuguvugu kwa sababu niliyachemsha," Lukresia alisema. "Uliniambia nilete ninayotumia. Ninayotumia ndiyo hayo. Sufuria ni ile ile ya uji, kitambaa ni kile kile, mikono ni hii hapa. Umepeleka maabara, wamesema hakuna mdudu, ukapiga muhuri. Sasa kama ni maji ya bomba, mtaje aliyeyachota. Kama ni maji yangu, nipe ufunguo."

"Masuala haya ni ya kitaalamu, mama."

"Basi twende bombani na mtaalamu. Chupa nyingine ninayo." Akaitoa kwenye kikapu. "Safari hii sichemshi. Chota wewe."

Mayige aliiangalia ile chupa tupu kama anayeonyeshwa nyoka. Taarifa ya kwamba bomba ni salama alikuwa ameshaituma kwa wakubwa zake, na huenda walishampongeza. Akichota leo, atakuwa amejipima yeye mwenyewe. Akajifuta uso. Akahamisha mafaili kutoka kulia kwenda kushoto, kazi ambayo bila shaka inahitaji chuo. Mwisho akavuta droo, akautoa ufunguo na kuuweka mezani, mbali kidogo, ili Lukresia ainuke kuufuata.

"Fungua. Lakini hayo ya kuchemsha yaishie humu."

"Humu wapi?"

"Humu ofisini."

"Hayakuanzia humu," alisema Lukresia, akachukua ufunguo.

Tulirudi sokoni. Aliosha meza mara mbili, na kesho yake alfajiri moshi ulikuwa umerudi mahali pake. Tangazo nalo lilikuwa limerudi, nakala mpya, safari hii juu kabisa ya nguzo ambako mkono haufiki. Paipu imelala mtaroni, imefungwa kwa mpira wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa fuso kutoka Mwamanyili, mtu mgeni. Aliagiza kikombe kikubwa, akawa anaelekea bombani kunywa kwanza.

"Baba, hayo acha. Ndoo iko hapa."

"Si wamepima?" dereva aliuliza, akionyesha juu ya nguzo. "Wameandika ni safi."

"Waliyopima ni haya yangu," Lukresia alisema, akifunua ndoo. "Kaa chini nikupimie."