Matairi ya Saa Kumi Jioni

Gazeti hili halina mwandishi mwenye moyo mgumu kama wangu. Nimeandika habari za waliofiwa, waliofukuzwa kazi na mmoja aliyeibiwa punda. Sikutoa chozi wala senti. Kazi yangu ni kuandika. Ya watu nawaachia watu.

Saa moja asubuhi, El Alto, mji ulio mlimani juu ya La Paz. Ukungu umeukalia mji kama kuku juu ya mayai. Mzee Fortunato Apaza, dereva teksi wa miaka sitini na mmoja, anafuta kioo cha gari lake la bluu kwa gazeti la jana, tena ukurasa wenye makala yangu. Leo habari yangu ni yeye. Nafungua mlango wa mbele.

"Nyuma, kijana," anasema. "Hapo pana mtu."

Mtu hayupo. Ipo kofia ya kike ya mviringo, rangi ya kahawia, imekaa kitini na kufungwa mkanda wa gari. Ni ya mkewe, Basilia, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Enzi zake alikaa hapo akichungulia dirishani, akiita abiria kwa sauti ambayo, kwa maneno ya mumewe, "ilimwamsha hata asiye na safari."

Sasa hakuna anayeita. Mzee anapiga honi mara moja, kwa haya, kama mtu anayepiga hodi kwa wakwe. Abiria wanapanda nyuma, wanainamia simu, wanashuka.

"Kuna siku neno langu la kwanza ni 'karibu' na la mwisho ni 'chenji'," anasema. "Katikati hamna kitu."

Lakini kinachotupeleka kwa fundi asubuhi hii si kofia. Ni matairi. Yote manne yamebaki kipara, na la nyuma kushoto waya zimeanza kuchungulia kama panya wa ghalani. Jumatatu, kwenye mteremko wa kushukia La Paz, mvua ikinyesha, gari liligeuka lenyewe likatazama lilikotoka. Nyuma alikuwamo mama na kitoto kichanga. Hakuna aliyeumia.

"Yule mama hakunitukana," anasema Mzee Fortunato. "Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo anazunguka mitaa ya tambarare tu, na kwa siku haambulii zaidi ya boliviano sabini. Matairi mapya manne ni elfu moja na mia nane. Gari zima, ukimpata mnunuzi asiyeona vizuri, labda elfu kumi. Binti yake wa pekee, Rosmery, anayeshona nguo São Paulo, yuko tayari kumwongezea pesa anunue jingine. Anapiga simu wakati fundi anachungulia chini ya gari.

"Baba, hilo jeneza umeshaliuza?"

"Mbona linawaka vizuri, mwanangu."

"Hata jiko linawaka, baba. Hatulipandi."

Fundi, Wálter Ticona, anajitoa uvunguni akicheka. "Mwanao ana akili, mzee wangu. Mimi nakula kwa kuuza matairi, lakini hili nakuambia bure: kulivalisha gari hili matairi mapya ni kumnunulia marehemu viatu vya harusi."

Neno marehemu linadondoka pale chini kama spana. Hakuna anayeliokota. Mzee Fortunato anaingia garini, anaiweka sawa kofia ambayo haikuwa imekaa upande.

Bahati nzuri, au mbaya, leo ni tarehe ishirini na nne Januari, sikukuu ya Alasita, siku ambayo mji mzima hununua vidogo ili mwaka ulete vikubwa: nyumba ya kutosha kiganjani, shahada ya chuo yenye ukubwa wa stempu. Masharti ni mawili na hata mtoto anayajua. Kitu kishikwe saa sita kamili mchana, kengele zikilia. Na usijinunulie mwenyewe. Upewe na mtu.

"Gari hili nilipewa na Basilia," mzee ananieleza, akinionyesha kidole gumba. "La bati, hivi tu. La bluu. Mwezi wa nane likaja kubwa lake, bluu ile ile. Leo naenda sokoni. Nikipewa gari, nanunua gari. Nikipewa matairi, nanunua matairi."

"Atakupa nani?"

Anawasha injini.

Saa sita kengele zinalia. Watu wanabebeshana vijumba na vimasanduku, wanacheka, wanafukizwa ubani hadi wanakohoa. Mzee Fortunato amesimama mbele ya kibanda cha Mama Casimira, muuza vidogo na abiria wake wa siku nyingi, viganja vimefunguka kidogo, kama mtu asiye na hakika kama mvua imeanza. Mama Casimira mwenyewe amezongwa na wanunuzi, hamwoni. Mimi niko pembeni, naandika.

Kengele zinanyamaza. Mzee anatia mikono mfukoni.

"Basi," anasema. "Twende nikurudishe, kijana. Sikutozi."

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwake kuhakikisha tahajia ya jina lake. Gari lilikuwa limesimama juu ya matairi mapya manne, meusi ti, yamemwagiwa bia na maua ya baraka, kama maharusi. Kwenye kioo cha ndani vilining'inia vitairi vinne kwa uzi mwekundu.

"Nilipewa!" alisema hata kabla ya salamu. "Siku ile ile jioni, nilipotoka kunywa uji, nikavikuta kwenye kishikio cha mlango wa gari. Simjui aliyeviweka. Ila nadhani..." Akaitazama kofia.

Nikasema ni ajabu. Nikaandika: ajabu.

Mpango wake sasa ni kurudi mteremkoni, na Rosmery akija likizo akampokee stendi ya La Paz mwenyewe. "Ajionee jeneza linavyokimbia."

Hapo ndipo akatokea Mama Casimira na magunia yake, akimtaka mzee ampakilie. Akaniona. Akatua gunia.

"Ee! Si huyu wa matairi? Mzee Fortunato, kijana huyu ana roho ya jiwe! Uzi mmoja wa vitairi, kanipunguzisha bei mpaka nikataka kulia! Tena saa kumi jioni! Kengele zimeshalala, tunakunja maturubai, ndiyo kwanza yeye anaikimbilia bahati!"

Kalamu ilinidondoka. Mzee Fortunato alinitazama, akavitazama vitairi, akanitazama tena. Kisha akafungua mkanda wa mbele, akaipangusa kofia kwa mkono wa shati na kuiweka juu ya dashibodi, uso wake barabarani.

"Saa kumi jioni," alisema. "Haya, tutakwenda mwendo wa jioni, polepole. Mama Casimira, nyuma na magunia yako. Wewe kijana, panda mbele. Na uite abiria. Mimi sauti sina."