Kuhani wa Miaka Saba

Nilikwenda Ujiji kwa sababu ya igizo. Kikundi chetu cha akina mama hapa Mwandiga kilikuwa kinajiandaa kwa Siku ya Wanawake. Mwenyekiti wetu, Mama Yusta, alikuwa amesoma kwenye kitabu cha mwanawe kwamba Roma ya kale ilikuwa na makuhani wanawake, walinzi wa moto mtakatifu. Kwenye michezo walikaa viti vya mbele, na wakubwa waliwapisha njiani. Sisi ambao kila sherehe tuko jikoni! Nikaomba niwe kuhani mkubwa. Mpwa wangu Neema, miaka saba, akawa kuhani mdogo. Kilichobaki ni kujua walivaaje.

Saa mbili asubuhi nilikuwa soko la Mwanga, Kigoma mjini, nikanunua kitambaa cheupe, nikajitanda mbele ya kioo cha fundi. Roma kabisa!

Saa nne nilifika Ujiji kwa Mwalimu Zawadi, mstaafu wa historia. Alikuwa barazani, anachambua mchele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sanda ya nani?"

Nilicheka, nikamweleza. Yeye hakucheka.

"Waliheshimiwa, kweli. Walisimamia mali zao wenyewe, wakati wanawake wengine wako chini ya baba au mume. Ila walichukuliwa wakiwa na miaka sita mpaka kumi."

"Kama Neema!"

"Miaka thelathini hakuna kuolewa. Moto ukizimika, viboko."

"Na akipata mwanaume?"

"Anashushwa chumba cha chini ya ardhi. Wanamwachia kitanda, taa, mkate kidogo na maji. Halafu wanafukia."

"Sasa chakula cha nini?"

"Ili wasionekane wamemuua."

Chai niliyopewa sikuigusa.

Njiani kurudi nilikikumbatia kile kitambaa, machozi yananitoka ovyo.

Jioni, Mwandiga, nilimwambia Mama Yusta kila kitu.

"Nimekutuma nguo, umeniletea msiba! Tuishie kwenye viti vya mbele basi."

"Tukiishia hapo, mama, Neema namtoa."

Akavuta kigoda, akaketi. Naye ana binti wa miaka minane.

"Mama zao waliwatoa wenyewe?"

"Mtoto alichukuliwa mikononi mwa baba. Mama hakuulizwa."

"Ewe Mungu wangu!" Akasimama. "Basi Neema abaki. Kwenye igizo, akija kushikwa mkono achukuliwe, sisi wote tunasimama mlangoni kwao kumzuia asitoke."

Tumeshafanya mazoezi mara tatu. Nimejifunza kwamba binti anaweza kupishwa njia na mji mzima huku hana njia ya kurudi kwao. Tukifika pale mlangoni, hakuna anayekumbuka maneno yake. Tunapiga kelele tu.