Chupa ilipasuka wiki ya 33, na wife akanifichia kosa mbele ya daktari

Wakuu, heshima zenu. Hili sijawahi kulisema nje ya familia. Naliandika kama lilivyotokea, siongezi chumvi.

Tunaishi Kikwe, nalima nyanya. Mwaka jana wife wangu, Upendo, alikuwa na mimba ya kwanza.

Wiki ya 31 akaniambia mkojo unamchoma. Mimi niko bize napiga dawa shambani. Nikamwambia anywe maji mengi, tarehe ya kliniki ikifika atasema huko huko.

Hakurudia tena.

Wiki mbili mbele, asubuhi, anachambua maharage na mama yangu, akasimama ghafla. Khanga imelowa.

Mama akasema ni mkojo tu, mtoto anakandamiza kibofu. Upendo akamjibu taratibu, "Mama, nimejaribu kuubana. Haubaniki."

Nikaomba gari kwa jirani, tukaenda hospitali wote watatu.

Daktari akampima, akasema chupa imepasuka kabla ya wakati. Akauliza kama siku za karibuni alipata homa, au mkojo kuchoma.

Upendo akanitazama. Akasema hapana.

Nikasema, "Daktari, mkojo ulikuwa unamchoma. Aliniambia, mimi nikapuuza."

Hakunigombeza. Aliagiza vipimo, na kweli UTI ikaonekana. Akaanzishiwa antibiotic na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Baadaye nikamuuliza daktari mkojo na chupa vinahusiana vipi. (Shule niliishia form four, mnivumilie.) Akasema mimba ikikomaa, mwili wenyewe huwasha kama kamoto ka ndani, inflammation, kanalainisha ule utando wa chupa mpaka unaachia. Ni kawaida kabisa. Ila maambukizi yanaweza kukawasha mapema, utando ukalegea mtoto bado mdogo. Akasema hawezi kuapa kwamba kwetu sababu ni hiyo, ila inawezekana sana.

Mtoto alizaliwa siku ya nne, wa kike, kilo moja nukta tisa. Tulipokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Sasa anasimama kwa kushika ukuta.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza Upendo kwa nini alikataa. Akasema, "Mama yako alikuwa amekaa pale."

Wakuu, mke mjamzito akisema mkojo unachoma, mpeleke siku hiyo hiyo. Asifike mahali pa kuchagua kati ya heshima yako na mtoto.

Waliopitia haya, na madaktari wa humu, nirekebisheni nilipokosea. Nasoma zote.