Panga la Injini ya Kulia

Nililelewa kuamini kwamba viwili ni bora kuliko kimoja. Figo, mapafu, laini za simu. Kwa hiyo kila nilipoona ndege ndogo ya injini mbili ikipita juu ya Nakuru kuelekea magharibi, niliwatolea wenzangu hotuba, bila kuombwa, kwamba abiria wa huko juu wako salama kuliko sisi tunaokanyaga lami: injini moja ikizima, nyingine ipo. Nina shahada mbili. Hakuna hata moja inayohusu ndege, jambo ambalo halijawahi kunizuia.

Kisha ndege ya aina hiyo ikaanguka kwa wakwe zangu.

Haikuangukia nyumba, Mungu ashukuriwe. Ilianguka kwenye shamba la viazi la jirani yao, nje kidogo ya Keringet, asubuhi yenye ukungu mwepesi, ikiwa imebeba rubani na abiria wawili waliokuwa wakisafiri kikazi kutoka Naivasha. Iliwaka moto. Wote watatu walikufa. Hapo sina mzaha wa kuongeza, na anayeutafuta aende kwenye makundi ya WhatsApp, ambako ulikuwapo wa kutosha kabla hata moshi haujaisha.

Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa imehitimu urubani. Katika mkahawa ninakokunywa chai mjini, muuza vipuri vya trekta alitueleza kwamba tatizo ni plagi. Kwake yeye tatizo huwa ni plagi, hata la ndoa. Mwingine akasema ni upepo wa Longonot, ingawa ndege ilikuwa imeuacha mlima huo kitambo, nyuma ya mabonde mawili. Wa tatu aliinama, akatazama mlangoni, akanong'ona kwamba hao abiria "walikuwa wanajua kitu." Tukaafikiana kwa vichwa. Hakuna Mkenya aliyewahi kufa kwa ajali ya kawaida ikiwa mezani kuna zaidi ya watu wawili.

Mimi, kwa kuwa ni msomi, nilienda kusoma. Nilisoma habari za ajali za ndege ndogo za injini mbili kama mtu anavyosoma habari za ugonjwa wake mwenyewe, na nikasikitika kukuta kwamba sababu zenyewe hazina mvuto wowote. Maji yaliyoingia kwenye mafuta. Rubani aliyesahau kugeuza swichi, injini ikakauka huku tangi la pili limejaa. Mizigo iliyozidi kwa sababu mwenye mizigo ni rafiki. Hewa ya nyanda za juu, ambayo ni nyepesi, hivi kwamba injini moja inayotosha kuibeba ndege kule Mombasa huenda isitoshe kuibeba juu ya Keringet. Lakini iliyonivua nguo ni hii: injini moja ikifa, ile nzima huivuta ndege upande mmoja, na rubani ana muda mfupi sana wa kuamua ni ipi iliyokufa na kuifunga. Marubani hodari, wenye miaka mingi ya kazi, wamewahi kuifunga ile nzima. Mwenye injini moja hawezi kukosea hivyo hata akitaka. Injini ya pili humpa mtu nafasi ya kuchagua, na sisi tukipewa nafasi ya kuchagua mnajua tunavyofanya. Tumepiga kura mara kadhaa.

Hotuba zangu za injini mbili ziliishia hapo. Wenzangu mkahawani walizikosa, nadhani, kama mtu anavyoikosa kelele ya jenereta.

Mjane wa rubani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Naivasha. Alikuja Keringet na jamaa zake kuona mahali mumewe alipoishia, na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kumwacha mtu asimame uani kwake bila kikombe mkononi, aliwakalisha na kuwapa chai. Waliondoka na nambari ya simu ya mke wangu, kwa kuwa tunaishi Nakuru na Nakuru ni karibu. Wiki kadhaa zikapita. Siku moja akapiga. Mke wangu alisikiliza kidogo, akanipa simu. "Ongea wewe," akasema. "Si wewe ndiye umesoma mambo ya ndege?"

Alikuwa na sauti ya mwalimu, iliyozoea kufika nyuma ya darasa. Aliniambia kwamba kwenye mazishi ya mmoja wa abiria, ndugu wa marehemu alisimama mbele ya watu wote, yeye akiwa ameketi pale na kitambaa chake kichwani, akasema mtoto wao aliuawa na dereva. Alisema "dereva." Kwamba injini moja ilikufa na yeye akaizima ile nzima.

"Na mimi sikuwa na jibu," akasema. "Sijui kama ni uongo."

"Pole sana, mwalimu. Nina hakika mume wako..."

"Huna hakika. Na mimi sitaki mtu aniambie hakukosea. Nataka kujua."

Mchunguzi wa ajali kutoka Nairobi alikuwa amemweleza jinsi ya kujua. Injini ya kushoto ndiyo iliyokuwa na hitilafu, hilo lilionekana. Swali lilikuwa juu ya ile ya kulia. Panga la injini linalozunguka kwa nguvu likigonga ardhi hupinda kwa namna yake, hujisokota na kukwaruzwa. La injini iliyozimwa hupinda na kukwaruzwa kwa namna nyingine kabisa. Injini ya kulia ilikuwa na mapanga mawili. Moja liliyeyuka katika moto. La pili halikuonekana. Likipatikana, litasema kama mumewe alifunga injini ipasavyo na hewa tu ndiyo iliyowashinda, au kama lile neno la mazishini lilikuwa kweli.

Nilimsimulia mke wangu tukila chakula cha mchana. Aliweka kijiko chini.

"Si mama ana kitu kama hicho?"

Alikuwa nacho. Panga liliruka likavuka ua, likatua katika bustani ya sukuma wiki ya mama mkwe. Polisi waliokota vyuma vyote vya shamba la jirani kwa uangalifu mkubwa, na hakuna hata mmoja aliyechungulia upande wa pili wa ua. Yeye alisubiri waje kuuliza. Hawakuja. Basi akaliondoa kwenye matope, akalifunga kwa gunia, akaliweka ghalani, kwa sababu kitu cha marehemu hakiachwi kunyeshewa.

Mchunguzi alipopata habari alinipigia akihema kama aliyepanda ngazi. "Prof, tafadhali," akasema, akinipa cheo ambacho chuo kikuu kilikataa kunipa. "Asiliguse. Asilioshe hata kwa maji. Likae hivyo lilivyo."

Kwetu mwanamume hampigii mama mkwe simu kumwamrisha. Nilimpa mke wangu kazi hiyo, nikakaa karibu kumsaidia kwa kutikisa kichwa.

"Mama, ile kitu ya ndege, usiguse."

"Nimeskia."

"Hata usioshe. Wanakuja kuchukua Jumamosi, na yule mama mwenyewe atakuwa hapo."

"Anakuja mwenyewe?"

"Ndiyo. Lakini usiguse."

"Nimeskia, mimi si kiziwi."

Jumamosi tulipanda gari la mchunguzi: yeye, mjane, mke wangu, na mimi niliyekwenda, kwa maelezo yangu mwenyewe, kutoa ushauri. Kupita Molo nilitoa mwingi. Mjane alitazama nje ya dirisha njia nzima.

Mama mkwe alikuwa amevaa nguo za kanisa. Meza ilikuwa barazani, ina kitambaa, chai, viazi vya kuchemsha, na mayai ambayo mimi mkwe wake hutengewa Krismasi tu. Tulisalimiana, tukaombewa, tukala. Kisha akaingia ndani na kutoka amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa leso mpya. Alikilaza mbele ya mjane kwa mikono miwili, akaifungua leso.

Panga lilikuwa limenyooka kama rula. Liling'aa. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha, mipako miwili, na halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mchunguzi aliliinamia. "Mama," akasema polepole, "hii ulipata ikiwa imenyooka hivi?"

"Wapi! Ilikuwa imejikunja kama pembe ya ng'ombe. Na matope. Na imekwaruzwa huku kote. Nikapelekea fundi ya pale senta, akaipiga nyundo, akasugua na msasa, akaipaka silva. Aliimaliza jana tu."

"Mama!" mke wangu akasema. "Si nilikuambia usiguse?"

"Uliniambia na nikaskia. Sasa wewe, mwanamke mwenzako anatoka Naivasha kuchukua kitu ya bwana yake, utampea ikiwa imepindapinda hivyo? Hiyo ni tabia ya wapi? Mimi nilikulea hivyo?"

Ni kweli, hakulelewa hivyo. Katika nyumba ile hata bakuli la jirani halirudi likiwa chafu, wala halirudi tupu.

Mchunguzi alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta pa kuanzia, na nadhani angepapata, lakini mjane alimwekea mkono kwenye shati.

"Asante sana, Mama," akasema. "Imependeza."

Akaikunja leso juu ya panga, akaomba kikombe cha pili cha chai, na akakinywa chote.

Fundi wa senta, pale penye maduka barabarani, anatengeneza milango ya chuma na mikebe ya maziwa. Alitupokea kwa furaha, akidhani kazi yake imeanza kuvuta wateja wa mbali.

"Boss, hiyo ilinitoa jasho! Hiyo si mabati ya kawaida."

"Ilikuwa imepinda vipi?" mchunguzi akauliza.

"Vibaya."

"Kwenda mbele au nyuma?"

Fundi alilichukua panga, akaonyesha kwa kiganja. "Hivi." Akaligeuza upande wa pili, akalitazama. "Ama hivi. Inategemea nimeishika aje."

"Ilikuwa imejisokota? Kama kamba?"

"Inawezekana."

Ndipo mjane akamweleza yeye mwenyewe, kwa maneno machache, bila kulia: mume wake alikuwa nani, na ule mpindo ungesema nini. Fundi alisikiliza. Alifuta mikono kwenye ovaroli, kisha akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Pole, mathe," akasema. "Sasa wewe ungependa iwe ilikuwa imepinda wapi? Niambie tu. Huyu mzee aandike na mimi niweke sahihi."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akipakia viazi kwenye lori, gunia baada ya gunia.

"Nataka vile ilikuwa," mjane akasema.

Fundi aliliangalia panga tena, safari hii kwa dhati, kama anayetumaini litajikunja lenyewe. "Basi nisikudanganye," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia vile itanyooka. Sikuangalia vile imepinda."

Tukarudi garini. Mchunguzi alilifunga panga kwenye plastiki kwa uangalifu uleule ambao angelifunga nao kama lingekuwa bado na la kusema. Nami nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu. Nikaanza: kwamba ukizingatia mwinuko wa Keringet na uzito wa ndege, kuna uwezekano mkubwa kwamba...

"Prof," mjane akasema, "naomba tunyamaze kidogo."

Nikageukia dirisha langu hadi Nakuru.

Ripoti ilitoka baada ya miezi mingi. Mjane alinisomea kwenye simu sehemu inayomhusu mumewe. Bomba la oili la injini ya kushoto lilipasuka. Ndege haikuweza kudumisha kimo. Ama injini ya kulia, kama ilikuwa ikifanya kazi wakati wa kuanguka, haikuweza kubainika. Alilisoma neno hilo mara mbili, kama mtu anayesahihisha insha na kutafuta mahali pa kuweka alama.

"Utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitawapelekea wale jamaa waliosema. Wasome wenyewe. Nitakaa hapo wakisoma."

"Na wakisema bado ni yeye?"

"Watakuwa hawajui. Kama mimi tu."

Sikuwa na la kuongeza, na kwa mara ya kwanza sikuongeza.

"Kitu kimoja," akasema. "Yule mama asiambiwe. Nisikie mmemwambia, mtanijua."

Alienda. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba wale jamaa walimtaka aisome ripoti nzima kwa sauti, naye akaisoma, na kwamba yule ndugu wa mazishini alimsindikiza hadi barabarani bila kusema neno. Kama hiyo ni samahani au ni adabu tu, nayo haikuweza kubainika.

Nasi tulipokwenda Keringet mara nyingine, mama mkwe alinimiminia chai, akakaa, akanitazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo kwa kawaida tunaepushana nalo.

"Ile kitu," akasema. "Ilimsaidia yule mama?"

Mke wangu alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakina sukari.

"Sana, Mama," nikasema. "Ilimsaidia sana."

"Mimi nilijua," mama mkwe akasema, akanisogezea viazi. "Yule mtu wenu wa Nairobi, ingekuwa ni yeye, angempea ikiwa na matope."