Nilivyoenda Eldoret Kumtoa Jebet kwa Nyumba za Watu

Nilienda Eldoret kwa sababu moja: kumrudisha mjukuu wangu Jebet nyumbani. Baba yake, mwanangu, alikuwa amemtafutia nafasi ya kusomea unesi, na msichana akakataa. Ati kazi yake ni kupangia watu nyumba zao ndani. Nikasema hiyo si kazi, hiyo ni shughuli ya Jumamosi.

Asubuhi nilitoka kwetu Ainabkoi na pikapu ya jirani iliyobeba viazi. Kwa kiondo nilikuwa na vitambaa vya viti nilivyofuma mwenyewe, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Njiani nikawaza: sisi tulichimba udongo mweupe, tukachanganya na majivu, tukapaka kuta. Kila mwanamke na ukuta wake. Nani aliitwa mtaalamu?

Mtaa wa Huruma, mjini Eldoret, nilimkuta Jebet kwa seremala, wanabishana.

"Mama, huyu msichana wako atanimaliza!" seremala akanililia. "Zamani mteja anasema nataka viti, basi. Urefu naamua mimi, rangi naamua mimi, hata pa kuviweka. Sasa kuna huyu katikati. Inua kiti kiwe kirefu, inua tena!"

"Si umfukuze?"

"Nimfukuze na ndiye ananiletea wateja?"

Jebet akacheka, akaniita nyanya kwa lugha yetu. "Kogo, najua umetumwa. Leo mteja anakagua nyumba. Akiikataa, narudi na wewe."

"Hayo ni maneno," nikamwambia. Nikaanza kuomba ikataliwe.

Mchana tulikuwa kwa huyo mteja, Mama Njeri, mjane mwenye duka, rika langu. Nyumba ilikuwa safi, lakini viti vilikuwa uchi. Aibu gani hiyo? Hata kama nataka akataliwe, si kwa aibu. Jebet alipotoka kumpokea mwenye nyumba langoni, nikavivalisha viti vyote vitambaa vyangu, mgongo na mikono.

Mama Njeri akaingia, akasimama ghafla. "Nani amerudisha hivi vitu?"

"Ni mimi. Kiti hakiachwi hivyo."

"Wewe mama! Tangu niolewe nafua vitambaa, natia wanga, napiga pasi. Huyu msichana aliniuliza ni nini sitaki kuona tena. Nikamwambia ni hivyo!"

Jebet akavikunja kimoja kimoja, akanirudishia. "Kogo, hii nyumba si yako. Wala si yangu."

Nikavisukuma ndani ya kiondo.

Mama Njeri, ambaye magoti yanamsumbua, akaketi kwenye kimoja cha vile viti virefu vya seremala. Akainuka bila kushika ukuta. Akaketi tena, akainuka tena, akaanza kucheka. "Hapo sasa! Hapo umenisikia!" Akamkumbatia Jebet, mimi nimeshika kiondo changu.

Jioni nikapanda ile pikapu, sasa tupu, peke yangu. Nilichojifunza ni kifupi. Sisi tulijua kupaka ukuta wetu. Kumuuliza mwenye ukuta mwingine anataka nini, halafu umfanyie hivyo na sio vile unavyopenda wewe, hatukujua. Hiyo ni kazi.

Nyumbani, mwanangu alikuwa langoni. "Mama, Jebet yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikamjibu. "Nipishe niingie."